Jinsi ya kupima chembe nano za oksaidi ya zinki: zinavyoua bakteria na sumu yake, vyote kwenye projekti moja

Wadau wa maikrobaiolojia, kemia na famasia, hii ni kwa wale mnaotaka kuanza projekti ya chembe nano (chembe ndogo sana, chini ya nanomita 100) za oksaidi za metali, iwe digrii ya kwanza au masters. Nitatumia oksaidi ya zinki (ZnO) kama mfano kwa sababu ndo inayofanywa sana, chumvi zake zinapatikana, na wengi wanapenda kuitengeneza kwa majani ya mwarobaini au mlonge ambayo hata hayanunuliwi. Ukishaushika huu utaratibu, oksaidi ya shaba, titani au magnesi utabadilisha vitu vichache tu na kazi inaenda.

Kabla ya yote elewa kitu kimoja, kuonyesha kwamba ZnO ya nano inaua bakteria sio kazi ngumu, imeshaonyeshwa mara nyingi mno, na ripoti inayoishia hapo haimsaidii mtu. Kazi ni kujibu je kilichoua ni chembe yenyewe au ni zinki iliyoyeyuka kutoka kwenye chembe, alafu ile dozi iliyoua bakteria ikikutana na seli ya binadamu inafanya nini, na ikiingia mtoni inafanya nini. Haya yanatakiwa kupimwa na unga ule ule, kwa kipimo kile kile, sio bakteria upime wewe alafu sumu uandike "tafiti zingine zimeonyesha ni salama". Mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, kwa hiyo watu wanatafuta mbadala kwa nguvu zote na hizi chembe zitapakwa kwenye bandeji, krimu na machujio ya maji, na mtu atakayepakwa anastahili data kamili.

Sasa zinauaje? Njia zinazotajwa ni tatu. Ya kwanza ni ioni za zinki zinazoyeyuka na kuvuruga vimeng'enya vya bakteria. Ya pili ni oksijeni kali kama haidrojeni peroksaidi na radikali za haidroksili, hasa mwanga ukipiga chembe, maana ZnO inafyonza mwanga wa chini ya nanomita kama 370 hivi. Ya tatu ni chembe kugusa ukuta wa bakteria na kuuharibu. Shida ni kwamba hizo hizo njia tatu zinaumiza na seli ya mtu, hakuna hata moja ambayo ni ya bakteria peke yake, na ndo maana nasisitiza sumu isiachwe mwishoni kama kiambatisho.

Anza na unga wako

Kama umetengeneza mwenyewe kwa majani, jua kwanza una nini mkononi. Piga XRD (mionzi ya X inayoonyesha aina ya kristali), mistari ya ZnO ya wurtzite, yaani umbo la kawaida la kristali yake, inatakiwa ionekane karibu na nyuzi 31.8, 34.4, 36.3, 47.5, 56.6, 62.9 na 68.0 kwa mionzi ya shaba ya kawaida. Ukiona mistari mingine mikubwa hapo una uchafu au chumvi ambayo haijaungua. Ukubwa wa kristali (D) utaupata kwa fomula ya Scherrer, D ni sawa na 0.9 mara 0.15406 (urefu wa wimbi la mionzi kwa nanomita) gawanya kwa zao la upana wa mstari (kwa radiani, watu wengi wanasahau kubadilisha kutoka digrii) na kosaini ya nusu ya pembe. Mfano mstari wa 36.3 ukiwa na upana wa digrii 0.4 inakuja kama nanomita 21. Hiyo ni kristali lakini, sio chembe, chembe moja inaweza kuwa na kristali nyingi ndani yake, kwa hiyo kama unaweza kupata picha ya hadubini ya elektroni (TEM au SEM) hata kwa kuomba chuo kingine, omba.

Kwenye hizi za majani kuna jambo linapitwa sana. Kama umechoma unga wako kwenye tanuri nyuzi 400 mpaka 500 basi kemikali za mmea nyingi zimeshaungua, usije ukaandika kwamba chembe zako "zimefunikwa na viambata vya mwarobaini" bila ushahidi wa FTIR (kipimo cha infraredi kinachotambua viambata) au wa kupima uzito unaopungua ukipasha joto. Na kama hujachoma, basi maji ya majani yenyewe yanaweza kuwa yanaua bakteria, kwa hiyo lazima uweke kontroli (kipimo cha kulinganishia) ya hayo maji ya majani peke yake kwa kiasi kile kile kilichobaki kwenye unga. Bila hiyo kontroli hujui umepima zinki au umepima mwarobaini.

Kupima uzito: vaa barakoa ya N95, glavu, zima feni, na ikiwezekana pimia ndani ya kabati la moshi. Unga huu ukiwa mkavu unapaa kirahisi na mapafu ndo sehemu mbaya kuliko zote. Mafundi wanaochomelea mabati wanaijua ile homa ya jioni baada ya kuvuta moshi wa zinki, unatetemeka na kifua kinabana, ni oksaidi hii hii.

Kuchanganya na maji

Hapa ndo kazi nyingi zinapoharibikia. Chembe ya nanomita 20 ukiiweka tu kwenye maji inagandana na wenzake inakuwa mabonge ya mamia ya nanomita, ukiiweka kwenye maji yenye chumvi ndo kabisa. Steriliza unga mkavu kwenye oveni nyuzi 160 kwa saa 2, alafu uchanganye na maji safi yaliyosterilizwa, sio bufa ya fosfeti. Narudia, SIO fosfeti, kwa sababu zinki na fosfeti zinashikana na kuzama chini kama zinki fosfeti, alafu utashangaa mbona haiui. Kama unataka kuosha au kuzimua bakteria tumia maji ya chumvi ya asilimia 0.85.

Weka kwenye soniketa (mashine ya kutawanya chembe kwa mawimbi ya sauti) dakika 15 mpaka 30, chupa ikae kwenye barafu maana joto linapanda, na andika aina ya soniketa, nguvu na muda, sio "ilisonikeshwa" tu. Tumia siku hiyo hiyo. Kila unapochota kwa pipeti tikisa kwanza, hata kama ulichota sekunde kumi zilizopita, maana inatuama. Kama kuna mashine ya DLS (inayopima ukubwa wa chembe ndani ya kimiminika) pima ukubwa mara mbili, ndani ya maji na ndani ya ile brothi (chakula cha maji cha bakteria) utakayotumia, maana ni namba mbili tofauti kabisa na ile ya brothi ndo bakteria wako wanaiona. Chaji pia inabadilika, kwenye maji ya kawaida ZnO ina chaji chanya kwa sababu pointi yake ya sifuri (pH ambayo chaji yake inakuwa sifuri) iko karibu na pH 9, watu wanaandika "chembe chanya zinavutwa na bakteria hasi" lakini ndani ya brothi protini zinazifunika na chaji mara nyingi inageuka kuwa hasi, hivyo hiyo hadithi usiiandike kama hujapima.

Achana na vidisk

Najua ni rahisi, najua supavaiza wengi wanapenda picha yenye miduara, lakini kipimo cha kuweka unga kwenye kidisk au kishimo cha agari (jeli ya kuoteshea bakteria) na kupima upana wa mduara hakifai kwa chembe ambazo haziyeyuki kirahisi. Chembe hazitembei ndani ya agari, kinachotembea ni ioni. Ukipata mduara wa milimita 14 umepima zinki iliyoyeyuka, ukikosa mduara haina maana kwamba haiui. Kulinganisha huo mduara na wa antibayotiki ya siprofloksasini ambayo ni molekuli ndogo inayosambaa vizuri ndo kabisa haiendi. Tumia pleti ya visima 96 upate MIC (dozi ndogo kabisa inayozuia bakteria kuota) ya ukweli.

Pleti yenyewe

Bakteria chukua wale wa rejea, E. coli ATCC 25922 na S. aureus ATCC 29213, ukishapata utaratibu unaokubali ndo uende kwa wale wa hospitali ulioomba kibali chao. Otesha usiku mmoja, chukua koloni changa, tengeneza mchanganyiko wa McFarland 0.5 (kipimo cha mawingu ya bakteria), hiyo ni karibu bakteria milioni 150 kwa mililita. Zimua mara 150 kwa brothi ya Mueller-Hinton upate milioni 1 kwa mililita, na ukiweka mikrolita 100 juu ya mikrolita 100 ya dozi, mwisho kila kisima kinakuwa na laki 5 kwa mililita ambacho ndo kiwango cha kawaida cha CLSI (taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya vipimo hivi). Itumie ndani ya nusu saa.

Dozi nenda kwa nusu nusu kutoka 1024, 512, 256 mpaka 2 mikrogramu kwa mililita, hizo ni visima kumi, yaani mchanganyiko wako wa kwanza ndani ya brothi uwe 2048 kwa sababu utagawanyika mara mbili ukiongeza bakteria. Kisima cha 11 ni bakteria na brothi bila dozi, cha 12 ni brothi tupu.

Mimi nagawa pleti hivi na naona inatosha kwa projekti nzima: safu A, B na C ni nano pamoja na bakteria. D ni nano bila bakteria kabisa, hii ni ya kuonyesha mawingu ya unga wenyewe maana kuanzia 128 hivi kwenda juu brothi inachafuka na mashine ya kusoma mwanga itakuambia bakteria wameota kumbe ni unga. E ni ZnO ya kawaida isiyo nano, ile ya chupa ya maabara, kwa dozi zile zile. F ni chumvi ya zinki inayoyeyuka. G ni maji ya juu peke yake, nitaeleza. H ni antibayotiki ya gentamisini kuanzia mikrogramu 16 kwa mililita kushuka, na kwa E. coli 25922 MIC yake lazima iangukie kati ya 0.25 na 1, kwa S. aureus 29213 kati ya 0.12 na 1, ikitoka nje ya hapo siku hiyo yote futa, usitafute sababu ya kuitetea.

Safu F ndo moyo wa kazi yote na ndo inayokosekana kwenye ripoti nyingi sana. Linganisha kwa zinki sio kwa uzito wa unga. ZnO asilimia 80.3 ya uzito wake ni zinki, kwa hiyo mikrogramu 100 za ZnO zina zinki mikrogramu 80.3, na ili upate zinki hiyo hiyo unahitaji mikrogramu 167 za zinki kloridi au 353 za zinki salfeti ile yenye maji saba. Kama MIC ya nano na MIC ya chumvi zikiwa sawa kwa kipimo cha zinki, hapo huna sababu ya kusema nano ina maajabu, inawezekana kabisa kinachoua ni ioni tu. Na hilo sio jambo la aibu, ni jibu. Watafiti wa CSIRO kule Australia mwaka 2007 walipima nano ZnO, ZnO ya kawaida na zinki kloridi kwa mwani wa maji baridi wakakuta zote tatu zinafanana, nusu ya ukuaji inakatika kwenye mikrogramu kama 60 za zinki kwa LITA (sio mililita), wakahitimisha ni zinki iliyoyeyuka. Ile kazi inatajwa mpaka leo kwa sababu waliweka kontroli ya chumvi.

Safu G unatengeneza hivi: chukua nano 2048 ndani ya brothi, weka inkubeta nyuzi 35 saa 18 bila bakteria, alafu zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi kubwa, kama 20,000 g kwa dakika 30, uchukue maji ya juu. Usitegemee chujio la 0.22 kutoa chembe, hilo lina matundu ya nanomita 220 na chembe yako ni 20, inapita kama haijaona kitu, kama huna sentrifuji ya kasi tafuta vile vichujio vya sentrifuji vya kilodalton 3 au 10. Maji hayo zimua nusu nusu kama dozi zingine, uyaweke bakteria, na kiasi kingine kipeleke kwenye AAS (mashine ya kupima metali) upime zinki kwa mstari wa nanomita 213.9. AAS kwenye vyuo vingi ipo idara ya kemia au ya udongo, nenda kaongee nao mapema kabla hujajaza fomu za mwisho. Sasa ukiwa na namba ya zinki iliyoyeyuka unaweza kusema kitu.

Funga pleti, funika kwa foili ili mwanga usiingie, inkubeta nyuzi 35 saa 16 mpaka 20. Kama unataka kuonyesha kazi ya mwanga fanya pleti ya pili kwenye taa yenye kipimo kinachojulikana, lakini usiache pleti moja dirishani na nyingine kabatini alafu ukalinganisha.

Kusoma: kwa sababu ya mawingu, usitegemee macho wala OD (namba ya mawingu kutoka mashine ya kusoma mwanga) peke yake. Ongeza rangi ya rezazurini, mikrolita 20 hadi 30 ya asilimia 0.015, subiri saa moja mpaka mbili, bluu ni wamezuiwa na pinki wapo hai. Angalia na safu D isije ikawa unga wako unabadilisha rangi wenyewe. Alafu fanya MBC (dozi ndogo kabisa inayoua bakteria), chukua mikrolita 10 kutoka visima visivyoota, sambaza kwenye agari. Kuua asilimia 99.9 kutoka laki 5 maana yake wabaki 500 kwa mililita au chini, yaani koloni 5 au pungufu kwa mikrolita 10. Zisambaze vizuri eneo pana, usizidondoshe sehemu moja, kwa sababu zinki unayobeba nayo inaendelea kuzuia hapo hapo kwenye agari na utadhani umeua kumbe umezuia tu. Rudia siku tatu tofauti kwa bakteria waliooteshwa upya, visima vitatu vya siku moja sio marudio matatu.

Usishangae MIC ikitoka kubwa, 256, 512 au hata zaidi ya 1024 kwa E. coli kwenye brothi nzito, hiyo ni kawaida kwa sababu protini za brothi zinashika zinki. S. aureus mara nyingi ndo anakufa mapema. Andika kama ilivyo.

Sumu: anza na uduvi lakini usiishie hapo

Kipimo cha watoto wa Artemia, wale uduvi wa maji chumvi, kinapendwa sana Afrika Mashariki kwenye kazi za dawa za asili kwa sababu ni cha bei ndogo na hakihitaji kibali kirefu. Changanya chumvi ya bahari gramu 38 kwa lita, angulia mayai saa 24 mpaka 48 kwenye mwanga na hewa, alafu weka kumi kumi kwenye kila chupa yenye mililita 5 ya dozi, marudio matatu au zaidi, uhesabu waliokufa saa 24. Kwa chembe nakushauri uende mpaka saa 48. Aliyekufa ni yule asiyesogea kabisa ndani ya sekunde kumi ukimwangalia kwa lenzi. Utaona matumbo yao yamejaa unga mweupe, hiyo ni kweli wanakula, chora au piga picha uweke kwenye ripoti.

Udhaifu wake ni huu, kwenye maji ya chumvi nyingi chembe zinagandana na kuzama, kwa hiyo uduvi wanakutana na dozi ndogo kuliko uliyoandika kwenye chupa, na wenyewe ni wagumu kufa kwa metali. Ukipata LC50 (dozi inayoua nusu yao) zaidi ya 1000 usiandike "haina sumu", andika haina sumu kwa Artemia kwa saa kadhaa. Kwa maji baridi tumia Daphnia (viroboto vya maji) kama maabara yenu inawafuga, saa 48, unahesabu walioshindwa kuogelea.

Uone tofauti ilivyo kubwa, kundi la Tallinn huko Estonia mwaka 2008 walichapisha vipimo vya ZnO, CuO na TiO2, nano na za kawaida. Kwa Daphnia magna nusu waliathirika kwenye miligramu 3.2 kwa lita za nano ZnO na 8.8 za ZnO ya kawaida, lakini kwa oksaidi ya shaba nano ilikuwa 3.2 wakati ya kawaida ilikuwa karibu 165. Titani hata gramu 20 kwa lita haikufanya kitu kwenye mazingira yao. Soma hizo namba taratibu: kwa zinki unano haukubadilisha sana, kwa shaba ulibadilisha mara hamsini. Ndo maana huwezi kuchukua hitimisho la oksaidi moja ukalipeleka kwa nyingine, na ndo maana safu E ya unga wa kawaida ipo.

Seli na damu

Kama kuna maabara ya seli karibu, tumia Vero (za figo ya tumbili, zipo maabara nyingi za Nairobi na kwingine) au za ngozi kama unalenga krimu. Seli elfu 10 kwa kisima, ziache zishike usiku mmoja, weka dozi zile zile 2 mpaka 1024 pamoja na safu ya chumvi ya zinki, saa 24, alafu MTT (kemikali ambayo seli hai zinaibadilisha rangi) 0.5 miligramu kwa mililita, saa 3 mpaka 4, yeyusha kwa DMSO, soma nanomita 570. Hapo kuna mtego, chembe zinatawanya mwanga na zinaweza kubadilisha MTT zenyewe bila seli. Weka visima vya chembe na MTT bila seli, na kabla ya kusoma zungusha pleti, hamisha maji ya juu kwenye pleti safi ndo usome. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-5 seli hai zikishuka chini ya asilimia 70 hiyo inahesabika kuwa ni sumu kwa seli.

ZnO kwa aina nyingi za seli nusu zinakufa kwenye makumi ya mikrogramu kwa mililita, na sababu inaeleweka, seli inaimeza chembe, inaipeleka kwenye lisosomu ambako pH iko 4.5 mpaka 5, chembe inayeyuka huko ndani na zinki inamwagika katikati ya seli. Bakteria hamezi hivyo. Yaani kinga ambayo tungeitegemea iko kinyume.

Sasa gawanya CC50 ya seli (dozi inayoua nusu ya seli) kwa MIC ya bakteria. Tuseme seli zako ni 40 na E. coli ni 256, unapata 0.16, maana yake unaua seli za mtu kabla hujafika kwa bakteria. Iandike hiyo namba kwenye muhtasari, sio ukurasa wa 70. Ila kabla hujaiandika tenda haki kwanza, seli zilikuwa kwenye DMEM (chakula cha seli) yenye asilimia 10 ya seramu na bakteria walikuwa kwenye Mueller-Hinton, ni vyakula viwili tofauti vinavyoshika zinki tofauti. Rudia MIC hata mara moja ndani ya DMEM na seramu ile ile bila antibayotiki, ndo ugawanye. Sehemu hii inachukua siku mbili tu za ziada na inaipa projekti yako uzito ambao wengi hawana.

Damu ni nyepesi zaidi kama seli huna. Kibali cha maadili kwanza, hata kama ni damu yako mwenyewe. Osha chembe nyekundu kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 (fosfeti bado hapana), tengeneza asilimia 2, changanya na dozi saa moja mpaka tatu nyuzi 37, zungusha, soma maji ya juu nanomita 540, asilimia mia ni Triton X-100 (sabuni inayopasua zote). Chini ya asilimia 2 haipasui, 2 mpaka 5 inapasua kidogo, juu ya 5 inapasua. Weka pia kisima cha hemoglobini iliyokwisha toka pamoja na chembe, uone kama chembe zinaifyonza na kukuficha sumu.

Namna ya kuyaongelea majibu

Usiandike kwamba bakteria hawawezi kuzoea. Umoja wa Ulaya ulikuwa unaruhusu oksaidi ya zinki kama dawa kwenye chakula cha watoto wa nguruwe kuzuia kuhara, mpaka kiasi cha zinki 2,500 ppm, na mwaka 2022 mwezi wa sita ikasimamishwa, sababu zikiwa ni zinki kujaa kwenye udongo na hofu ya kuchochea usugu. Staphylococcus wa mifugo aina ya MRSA CC398 (MRSA ni S. aureus sugu kwa methisilini) anajulikana kubeba jini ya kuhimili zinki, czrC, kwenye kipande kile kile chenye usugu wa methisilini, ukimpa zinki unamchagua yule yule sugu. Kwa hiyo dozi ndogo isiyoua sio dozi isiyo na madhara.

Na usiandike pia kwamba zinki ni virutubisho hivyo ni salama. Mtoto anayehara anapewa zinki kwa dozi ndogo, kwa siku chache, kwa mdomo, imeyeyuka. Hiyo haikuambii chochote kuhusu unga wa nano kwenye kidonda au kwenye mapafu. Njia ya kuingia mwilini ndo inaamua, ngozi nzima inazuia sana, mapafu hayazuii. Titani yenyewe ambayo haikumgusa Daphnia, Ulaya mwaka 2021 mamlaka yao ya usalama wa chakula EFSA ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama kama kiongezeo cha chakula na 2022 ikapigwa marufuku kwenye vyakula, na kwa wanaoivuta kazini Marekani taasisi ya afya kazini NIOSH tangu 2011 inapendekeza isizidi miligramu 0.3 kwa mita ya ujazo kwa ile ndogo sana na 2.4 kwa ile ya kawaida.

Jedwali lako liwe moja. Safu za nano, za kawaida, chumvi na maji ya juu, na mbele yake MIC, MBC, CC50, damu, uduvi, zote kwa mikrogramu za zinki kwa mililita. Msomaji aone kwa jicho moja kipi kinaua nini kwanza.

Taka

Pleti na brothi zenye bakteria zipite otoklevu nyuzi 121 kama kawaida, lakini otoklevu inaua bakteria tu, zinki bado iko pale pale. Usimwage kwenye sinki. Mililita 10 tu za ule mchanganyiko wa 2048 zina zinki kama miligramu 16, na kwa ile namba ya mwani ya mikrogramu 60 kwa lita hiyo inatosha kuharibu maji lita 270 hivi. Tenga chupa ya plastiki yenye mfuniko mzuri, andika "taka ya metali, zinki, chembe nano" na tarehe na jina lako, mimina humo mabaki yote pamoja na maji ya kwanza ya kuoshea vyombo, na ikijaa mkabidhi fundi sanifu wa maabara aiweke na taka za metali nzito. Karatasi na glavu zilizogusa unga mkavu zilowanishe kwanza, zifunge kwenye mfuko, alafu nazo ziende huko huko.